Ewesit na kisima kilichonuka oili

Saa moja asubuhi mtaani Bulla Pesa, mjini Isiolo, na Ewesit Lokuruka ameshalowa jasho. Anazungusha mpini wa chuma kirefu chenye meno chini, kidogo kidogo, na chuma kinazama ardhini. Akikivuta, anamwaga udongo kwenye karatasi ya nailoni, anaupondaponda kwa glavu, kisha anainama kuunusa.

"Umepata dhahabu?" jirani mmoja anamuuliza, akichungulia juu ya ua wa mabati.

"Nikipata nitakualika harusi yangu ya pili," anajibu bila kuinua kichwa.

Hapa hapana dhahabu. Hapa palikuwa gereji. Kwa miaka mingi mzee Ntongai, fundi wa magari kutoka Meru, alimwaga oili chafu chini ili vumbi litulie, kama mafundi wengi wafanyavyo. Sasa amezeeka, amefunga gereji, na anataka kujenga nyumba za kupangisha.

Shida iko upande wa pili wa ua. Kuna kisima cha Mama Hoda, kinachotegemewa na ploti zote za jirani. Tangu mwezi uliopita maji yake yana utando unaometameta na harufu ya injini. Maafisa wa afya wamekifunga kwa mbao. Ikithibitika kwamba oili imepenya ardhini hadi kwenye maji, kisima kitafukiwa.

Hilo linamnyima Ewesit usingizi, kwa sababu kisima hicho alikichimba yeye.

"Nilikuwa kijana, nimetoka Leparua, hakuna mtu ananijua," anasema. "Nilishuka na sululu na ndoo. Maji yalipotoka, Mama Hoda alinipa mbuzi. Tangu siku hiyo nikaitwa yule Mturkana wa kisima. Hiki kikifukiwa, mimi nitaitwa nani?"

Kazi ya kutoboa ardhi inamlipa shilingi 1,500 kwa siku. Isipokuwepo, anachimba vyoo. "Choo ukichimba umechimba. Hapa nachimba nikiogopa kile nitaona."

Aliyemwajiri ni Kagwiria, mtaalamu wa maji, mwanamke mkali kuhusu usafi. Kila shimo likiisha, chuma kinaoshwa kwa sabuni mpaka king'ae. Ewesit mwenyewe amekatazwa hata kujipaka mafuta ya mikono, yasije yakaingia kwenye udongo unaopimwa.

"Mke wangu anasema nimekuwa mamba," analalamika.

"Mwambie mamba anakula mshahara," Kagwiria anamjibu.

Jana walitoboa mashimo mawili. La kwanza, pale oili ilipokuwa ikimwagwa, lilitoa udongo mweusi kama makaa, unaonuka vibaya. Lakini baada ya mita moja hivi, chuma kiligonga udongo mgumu wa mfinyanzi, na chini yake weusi ukaisha. Shimo la pili, katikati ya kiwanja, lilikuwa na harufu kidogo tu juu. La leo ndilo la mwisho, hatua chache kutoka kisimani.

Udongo unaanza kutoka na unyevu. Kisha maji. Ewesit anapiga magoti, ananusa. Ananusa tena.

"Daktari, njoo unuse."

"Mimi si daktari," anasema Kagwiria, lakini anakuja mbio. Anateka maji ya shimoni kwa bomba jembamba, anayainua kwenye mwanga wa jua. Hayana utando wala harufu.

Hakuna anayeshangilia. "Kama oili haitoki chini," Kagwiria anauliza, "inatoka wapi?"

Wanavuka ua na kuondoa mbao za kisima. Maji ya humo bado yanametameta. Mama Hoda, Mborana wa makamo, anafika na salaam aleikum yake, na mzee Ntongai anafuata nyuma. Wote wanainamia shimo. Ni Mama Hoda anayeinua macho juu, kwenye kapi, lile gurudumu linalopitisha kamba ya ndoo.

"Lakini hii kitu ilikuwa inalia kama punda," anasema. "Ilinyamaza lini?"

Mzee Ntongai anakohoa. "Mama, nilikuwa napaka oili kidogo. Kila asubuhi kabla hujaamka. Mikono yangu haijazoea kukaa bure."

"Oili gani, mzee?"

"Ile ya lori. Ilikuwa bado nzuri."

Kagwiria anapitisha kitambaa cheupe kwenye kamba. Kinatoka cheusi tititi.

"Wewe mzee!" Mama Hoda anapiga makofi. "Umekaanga maji yangu kama mandazi, halafu unaita ujirani!" Anacheka mpaka anashika mabati. Ewesit ameshakaa chini, machozi yanamtoka kwa kicheko.

Kapi iliondolewa ikaoshwa, kamba ikabadilishwa. Ewesit akashuka kisimani kusugua kuta, na maji yote yakatolewa mara kadhaa. Majibu ya maabara yalipofika, yalisema maji ni salama, ya kisimani na ya shimo la mwisho. Siku mbao zilipoondolewa, Mama Hoda alipika chai ya maziwa kwa ploti nzima, na mzee Ntongai akaleta mkungu wa ndizi kutoka kwao.

Hata hivyo mzee hakuachiliwa hivi hivi. Ule udongo mweusi lazima uchimbwe wote na kupelekwa mahali palipotengwa kabla ya msingi kuanza, na mchimbaji ni Ewesit. Mzee alinuna siku nzima. Siku iliyofuata alikuja na beleshi lake mwenyewe.

Sasa Ewesit anataka kununua chuma chake cha kutobolea, azunguke gereji za Isiolo moja moja, apime ardhi na kuwaambia mafundi oili chafu ikae kwenye pipa. "Nataka niitwe kabla maji hayajanuka," anasema.

Kapi ya Mama Hoda imerudi kulia kama punda, na amekataa katakata mtu yeyote aiguse. Kila alfajiri inasikika hadi chumba anachopanga Ewesit.

"Mke wangu analalamika kelele," anasema, akitabasamu. "Namwambia wacha ilie. Hiyo ni kisima yangu inaamka."