Gari la Bibi wa Baleni

Bibi mmoja wa Baleni alishinda gari katika bahati nasibu ambayo hakuwahi kuicheza. Hiyo ndiyo bahati hasa. Sisi wengine tunanunua tiketi mpaka tunaota mvi na hatupati hata kofia. Yeye alikuwa uani kwake anafua nazi, simu ikalia, kijana mwenye sauti laini akamwambia, "Shikamoo mama, hongera sana."

Mimi nilikuwa mwendesha mashtaka wa serikali pale Kilindoni, na faili lake liliangukia mezani kwangu. Nilianza kulisoma huku nacheka. Sikufika nalo mbali nikiwa bado nacheka.

Maana gari la bure lina gharama zake. Kulikuwa na ada ya kusajili ushindi. Ikaja ada ya kulivusha bahari kutoka Nyamisati hadi kisiwani kwetu, kwani kampuni ilikuwa na huruma, haikutaka gari liogelee. Bibi akaomba, kama haitakuwa taabu, badala ya gari dogo apewe lenye uchaga wa kubebea nazi. Kampuni haikuona taabu yoyote, ilitaka tu ada ya kubadilisha. Nani kasema nchi hii watu hawajui kuhudumia wateja? Bibi akauza nazi zilizokuwa chini, akauza na zilizokuwa bado juu ya minazi. Akang'oa mihogo ya ubavuni mwa nyumba ili gari lipate pa kulala.

Simu yake ilipogoma kutuma pesa, kampuni ikajitolea kumfuata nyumbani. Kijana akapanda boti, akatapika njia nzima, akafika Baleni amepauka. Bibi akamchinjia jogoo. Mtoto wa dada yake, binti aliyekuwa anaishi naye na aliyechoka kuambiwa kwamba ana wivu kila akimwonya bibi, akatoka kimyakimya kwenda kuwaita polisi. Askari walimkuta mgeni ananawa mikono.

"Mngemwacha basi ashushie na maji," bibi akawalaumu.

Ungedhani kesi ya mtu aliyekamatwa na harufu ya mchuzi vidoleni ingekwenda haraka. Kila tukifika mahakamani, upelelezi ulikuwa haujakamilika. Lakini kule kijijini hukumu ilishatoka: bibi ana tamaa. Waliosema hivyo ndio hao hao waliokuwa wameshaweka oda ya kupelekwa mjini kwa gari lake, bila nauli.

Kabla ya siku ya ushahidi nilimwita ofisini nimwandae. Aliingia na yule binti wa dada yake, akaketi ukingoni mwa kiti kama mtu asiyekusudia kukaa.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba. Nyinyi serikali mnataka nini na gari langu?"

"Bibi, hakuna gari."

"Wewe umelionaje hata ujue halipo?"

Chuo kikuu walinifundisha mambo mengi ya sheria. Hilo hawakunifundisha.

Kesho yake akapanda kizimba cha mashahidi, amevaa kanga mpya. Nikamuuliza kama anamfahamu mshtakiwa.

"Namfahamu. Amekonda. Kwani hamumlishi?"

Karani akainama akajifanya anatafuta kalamu. Mimi nikakaa chini nikiiona kesi yangu inazama mchana kweupe. Mshtakiwa hakuwa na wakili, na kwa ile sauti yake alihitaji wakili wa nini? Akasimama, akamsalimu shahidi vizuri, kisha akaanza kumhoji.

"Mama, kuna siku nilikulazimisha?"

"Hapana mwanangu. Ulinisihi tu."

"Nilikutukana?"

"Hata siku moja. Ulikuwa ukipiga simu unaniuliza miguu inaendeleaje. Kwetu hapa hakuna anayeiuliza."

Yule binti, aliyekuwa benchi la nyuma, akatazama sakafu. Kijana akamgeukia hakimu, karibu atabasamu. "Sina swali jingine, mheshimiwa."

"Mimi ninalo," bibi akasema.

Shahidi haulizi maswali, anaulizwa. Nilipaswa kusimama niseme hivyo. Nikabaki nimekaa, na hakimu naye hakumzuia.

"Gari liko wapi, mwanangu?"

"Mama, hilo liko kwa wakubwa wa kampuni..."

"Wakubwa hawakula kuku wangu. Nakuuliza wewe. Lina rangi gani?"

Mazoea ya kazi ni kitu kibaya. Kijana hakufikiri hata kidogo. "Jeupe, mama. Zuri sana."

"Uliniambia la kijani."

Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, fundi wa maneno aliishiwa maneno. Lakini sikuweza kufurahi, maana nilikuwa namtazama bibi. Alishika ubao wa kizimba kwa mikono miwili, na uso wake ukafanya kama wa mtu anayesikia habari ya msiba ambayo wengine wote walikwisha kuipata.

"Mheshimiwa," akasema taratibu, "andika kwamba nimeibiwa."

Kijana alifungwa, akaamriwa pia amlipe fidia. Amri ya fidia ni karatasi nzuri sana, ina hata muhuri. Sijasikia kama kuna aliyewahi kununua nazi kwa karatasi ile. Wale wakubwa wake hawakupatikana. Nadhani bado wanagawa magari.

Baada ya hukumu bibi hakutaka kuondoka. Alisimama uani mwa mahakama mpaka askari walipomtoa kijana na pingu.

"Mama yako anajua uko wapi?" akamuuliza.

Kijana akaanza kulia, machozi ya kweli, au yaliyofanana nayo. "Mama yangu alishafariki, bibi."



"Pole," bibi akasema. "Kama ni kweli."

Akamshika yule binti bega, wakaenda kutafuta usafiri wa Baleni. Mimi nikaitwa ndani. Kulikuwa na kesi ya wizi wa mbuzi, na upelelezi wake ulikuwa haujakamilika.