Unga wa Msiba wa Mzee Saulo

Mzee Saulo alifanya kazi relini miaka thelathini na moja, akapishanisha treni za Zambia bila kugonganisha hata moja, lakini nyumbani sentensi moja ilimshinda. Kila alipoanza, "Siku nikifa…," bintiye Paskalina alimkatiza: "Baba, acha uchuro!" Kisha anamletea chai, na maneno yanaishia hapo.

Jambo lenyewe lilikuwa dogo. Mkewe alizikwa hapahapa Mbeya. Ukoo wa Saulo uko Kilolo, na kwao Mhehe akifa hurudishwa nyumbani. Saulo hakutaka kurudishwa. Alitaka kulala kando ya mkewe, na aliogopa kwamba asiposema mapema, ndugu wangemsafirisha huku Paskalina analia tu.

Aliyemfungulia njia ni Gloria, mkutubi wa maktaba alikokuwa akienda kusoma magazeti. Gloria alikuwa anaanzisha mazungumzo ya kila Alhamisi ambamo watu wangesema wanavyotaka mambo yawe wakishafariki.

"Humu hakuna uchuro, mzee," alimwambia. "Kuna viti na chai. Fungua wewe, wengine watafuata."

Asubuhi ya Alhamisi Gloria akabandika tangazo mlangoni: KIFO. MZEE SAULO. LEO SAA TISA. CHAI IPO.

Jamani, tangazo gani hilo! Jirani mmoja alilisoma akipita, hakulirudia; akakimbilia kwa Paskalina na habari kwamba mzee amefariki. Wakampigia Saulo simu. Imezimwa, ndiyo sheria ya maktaba. Basi saa tisa, mzee ndiyo kwanza anakohoa aanze, wakaingia akina mama sita, khanga viunoni, ndoo za unga kichwani. Paskalina alikuwa mbele yao, macho mekundu.

"Baba! Uko hai?"

"Niko hai, mwanangu. Kaa. Safari hii hunikatizi."

Alikaa. Saulo akasema yote. Alipomaliza, Paskalina alianza kulia upya.

"Mimi nilijua unataka Kilolo," alisema. "Ndiyo maana nilikuwa sitaki kusikia. Ningewaachaje, wewe kule, mama huku?"

Kumbe! Miaka yote hiyo wawili hao walikuwa wakiogopa kitu kimoja. Saulo alicheka hadi machozi yakamtoka, kifua chepesi. Gloria akaleta karatasi, mzee akaandika, akina mama sita wakatia sahihi za ushahidi.

Ukabaki unga. "Wa msiba haurudi kwa aliyeutoa," alisema mama mmoja. Wakaupeleka kwa Saulo, wakasonga. Jioni ile mzee alikula ugali wa msiba wake mwenyewe, akaomba aongezwe.