Chujio la Mutwalibu

Mutwalibu wa Malaba hakuamini kwamba mteja anafaa kutoka dukani na kile alichonunua peke yake. Tabia hiyo aliirithi kwa marehemu baba yake, aliyeuza chumvi kule Mumias na ambaye kila mara aliongeza kiganja kimoja juu ya kibaba. Lakini Mutwalibu aliuza misumari, mabati, majembe na minyororo ya baiskeli, na hakuna anayejua kuongeza kiganja cha mabati. Ilimbidi atafute zawadi.

Alianza na kalenda. Wateja walizipenda mno zile kalenda za mwaka 1973, maana zilikuwa na picha ya ng'ombe wa maziwa mwenye kiwele kama gunia. Walikata picha wakaibandika ukutani, na sehemu yenye jina la duka wakasokotea tumbaku. Mwaka uliofuata akatoa vitana. Vilikuwa vyembamba, na nywele za watu wa huku si za mchezo. Kufikia Pasaka njia zote za Malaba zilikuwa zimetapakaa meno ya vitana. Hapo akaapa kwamba zawadi itakayofuata iwe kitu cha kazi, kitu ambacho mtu akikishika kila siku atakumbuka duka kilikotoka, la sivyo asitoe kitu tena.

Wazo lilimjia akiwa anatema majani ya chai. Alikuwa mgane wa miaka minne, na chai aliyojipikia ilikuwa ya kutafuna, si ya kunywa. Akamwendea Oluka, fundi wa bati aliyekuwa na kibanda karibu na reli, wakakaa siku nzima wakikata makopo ya samli na kubishana. Jioni wakawa wamepata kitu: kikofia kidogo cha bati chenye ncha, kimetobolewa kwa sindano ya magunia, na kina shingo ya kuchomeka kwenye mdomo wa buli. Chai ikimiminwa, majani yanabaki ndani. Kilikuwa pia na ulimi wa kukivutia, na kwenye ulimi huo Oluka aligonga kwa msumari, herufi kwa herufi, MUTWALIBU MALABA.

Huo ulikuwa mwanzo wa 1975. Wakulima wa Kiteso kutoka Amagoro na vijiji vya jirani walikuja kununua jembe moja, wakipewa chujio wanaligeuza mara mbili, wanacheka, na kesho wanarudi kununua jembe la pili ambalo hawakulihitaji. Mutwalibu alijiona mjanja. Ukweli ni kwamba hakuwahi kujiuliza hata siku moja hao watu wote wana mabuli mangapi.

Katika furaha hiyo ndipo alipopata ujasiri wa kupeleka posa Busia. Alikuwa akimtaka Zainabu, mwanamke wa miaka thelathini na miwili aliyeachika bila mtoto na bila ugomvi, ambaye alishona nguo kwenye baraza la duka la shangazi yake. Mutwalibu alikuwa amemwona mara tatu. Mara ya kwanza alimpa chujio, mara ya pili alilikuta limechomekwa kwenye buli lake, na mara ya tatu alikunywa chai kutoka kwenye buli hilo na hakutema hata jani moja. Alimpenda, na utu uzima wake haukumzuia kusema hivyo kwa sauti akiwa peke yake dukani.

Shangazi ndiye aliyekuwa mlango. Mama Hadijah aliuza nguo katikati ya mji wa Busia, alikuwa mrefu, hakukosa swala wala hakusamehe deni, na ndiye aliyemlea Zainabu tangu utotoni. Bila neno lake hakuna ndoa.

Siku Mutwalibu alipokwenda kuchukua jibu, Mama Hadijah hakumkaribisha chai. Aliweka kitu juu ya kaunta.

"Nusa hiyo," alisema.

Mutwalibu akanusa. Lilikuwa chujio lake mwenyewe, na lilinuka pombe ya wimbi.

"Mzee mmoja wa Amagoro alikuja hapa kumnunulia mkewe kitambaa," Mama Hadijah alisema. "Amebeba mrija wa kunywea pombe begani kama bunduki, na hiyo ikiwa imevalishwa kwenye ncha. Nikamuuliza ni nini, akaniambia ni chujio ya ajono, hiyo pombe yao ya wimbi, wazee wote wanazo, hazipitishi makapi. Nilimbadilishia kwa leso ndipo akaniachia. Mutwalibu, unataka mtoto wangu aolewe na jina linaloogelea kwenye mitungi ya pombe?"

"Mama, wallahi nilitengeneza za chai."

"Sikuulizi ulitengeneza za nini. Nenda ukazikusanye zote. Usipozikusanya, usirudi hapa kuuliza habari za Zainabu."

Barazani, mguu wa Zainabu ulikuwa umeacha kukanyaga cherehani. Mutwalibu alipopita na kichwa chini, Zainabu alisema bila kuinua macho, "Mimi yangu iko kwa buli. Hiyo usije ukachukua."

Maneno hayo yalimfikisha Malaba salama, na kesho yake yakampandisha baiskeli mpaka Amagoro, kikapu kikiwa nyuma na pakiti za misumari ndani yake. Aliamua kubadilishana: pakiti moja kwa chujio moja.

Aliwakuta kwa Mzee Ojakol, wazee tisa wameuzunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake mrefu unaotoka kinywani hadi kwenye pombe. Anayeifahamu ajono anajua kwamba haiachwi ipoe; lazima maji ya moto yaongezwe kila mara. Apolot, mke wa Ojakol, alikuwa anayaleta kwa kibuyu kikubwa chenye mdomo mpana, na sehemu ya maji iliingia mtungini na sehemu ikaanguka kwenye magoti ya Mzee Olinga.

"Toto, mama yangu, hii magoti nitazikwa nayo ikiwa imeiva!" Olinga alilia.

"Songa basi," Apolot alimjibu.

Mutwalibu akawaamkia, "Yoga, wazee," akaketi, akaeleza shida yake yote bila kuficha chochote, hata habari za kunusa. Kisha akaweka misumari mbele yao. Wazee wakatoa mirija vinywani, wakaiinua kutoka mtungini na kucheka mpaka Olinga akasahau magoti. Tisa kwa tisa, ulimi wa bati ulikuwa unaning'inia kwenye ncha: MUTWALIBU MALABA, MUTWALIBU MALABA.

"Wewe umepea mtu zawadi, sasa unarudia?" Ojakol aliuliza. "Hata mtoto hafanyi hivyo. Na tena hii kitu yako ni mzuri sana. Zamani tulikuwa tunanyonya pombe na makapi, jioni mtu anakohoa kama ng'ombe. Sasa hakuna."

"Mzee, nitakosa mke."

Kicheko kikaisha. Kwa wazee wa Kiteso pombe ni pombe, lakini mtu kukosa mke kwa sababu yao ni jambo lingine. Walizungumza kwa Kiteso kwa muda mrefu, mrija mmoja ukimwelekea Mutwalibu, mwingine ukielekea Busia. Mwisho Ojakol akasema, "Chujio inabaki. Lakini mimi mwenyewe nitaenda kuongea na huyo mama."

Mutwalibu alirudi nyumbani na misumari yake yote, na moyo wake ulikuwa mzito kuliko kikapu.

Siku ya Jumanne Mzee Ojakol aliingia duka la Mama Hadijah akiwa amevaa koti la kanisani na kofia, na begani amebeba mrija wake ndani ya ala ya mwanzi, kwa kuwa mzee wa heshima hatoki kwake bila mrija. Mutwalibu, aliyekuwa akimsubiri hapo mlangoni, alipouona alitamani sakafu ipasuke.

"Mama," Ojakol alisema, "sisi tunakunywa, hatufichi. Huyu Mutwalibu anakuja kwetu kwa matanga, kwa harusi, miaka kumi sasa. Kila mara tunampea mrija, tunamcheka, tunamwambia onja tu kidogo. Hajawahi kuonja. Apolot anampikia uji yake mbali, kwa sufuria yake. Sasa mimi nakuuliza: nani anajua huyu hanywi? Watu wa msikiti? Hao hawako hapo pombe ikipita. Sisi ndio tuko hapo."

Mama Hadijah alimpima Ojakol kwa macho. Alikuwa mfanyabiashara, alijua shahidi mzuri akimwona, hata kama shahidi huyo alikuwa ananuka wimbi kidogo. Lakini pia hakuwa mtu wa kushindwa mbele ya wateja.

"Sawa," alisema hatimaye. "Mtu mwenyewe sina neno naye. Ila zawadi zake hana akili nazo. Kuanzia leo hayo machujio basi. Zawadi mpya nitachagua mimi, kitu ambacho mlevi hana kazi nacho. Nitakaa miezi mitatu nione. Jina lake likibaki safi, tutaongea."

Alichagua birika la kutawadhia. Oluka aliyatengeneza kutoka kwa madebe, yenye tumbo la mviringo, mpini imara na mdomo mrefu mwembamba unaotoa maji polepole bila kupoteza tone. Mama Hadijah aliyapenda sana hivi kwamba aliona ni hasara jina liwe moja. Upande mmoja wakaandika MUTWALIBU MALABA, na upande wa pili, kwa herufi kubwa zaidi, HADIJAH NGUO BUSIA. Mutwalibu aliogopa kutoa yake. Aliwapa Waislamu wenzake tu, na kila mmoja akiulizwa kwanza atalifanyia nini. Mama Hadijah hakuwa na hofu hiyo. Kila aliyenunua nguo za kutosha alipewa birika na dua.

Ile miezi mitatu ilipokuwa inaisha, Ojakol na Apolot walikuwa wanapokea ng'ombe wa mahari ya binti yao Amongin. Nguo zote za siku hiyo Apolot alikuwa amezinunua kwa Mama Hadijah, na kwa furaha akamwalika. Mama Hadijah alikubali, akampitia Mutwalibu dukani Malaba ili amwonyeshe njia. Zainabu alikuwa naye. Safari nzima Mutwalibu hakumwangalia Zainabu kwa woga wa kuonekana, wala hakuangalia mbele kwa woga wa kuona atakachokiona.

Boma lilijaa watu. Katikati kulikuwa na mtungi mkubwa, na wazee wote tisa walikuwepo, Olinga akiwa amekaa karibu kabisa na mtungi, magoti wazi, bila wasiwasi wowote duniani. Apolot akatoka jikoni na maji ya moto. Hakuwa na kibuyu tena. Alikuwa na birika. Aliinama, mdomo mrefu ukaingia katikati ya mirija, maji yakashuka kwa uzi mwembamba ndani ya pombe, na hakuna goti lililoguswa. Tumbo la birika likawageukia wageni, na jua likaangaza juu yake: HADIJAH NGUO BUSIA.

Mutwalibu alihisi miaka yote iliyobaki ya maisha yake ikiwa na chai ya kutafuna.

"Mama yangu, karibu!" Apolot alipaza sauti, akakimbia kumshika mikono yote miwili, birika likiwa bado linaning'inia kidoleni. "Eyalama noi, asante sana! Hii kitu ulinipea, Mungu akubariki. Mzee Olinga haungui tena. Kila boma linauliza, nawaambia nendeni kwa Hadijah, nunueni nguo, atawapea."

Mama Hadijah alitazama birika, akatazama mtungi, akamtazama Mutwalibu, ambaye kwa mara ya kwanza maishani mwake hakuwa na kosa lolote. Zainabu alikuwa amejifunika mdomo kwa mtandio, mabega yakitikisika.

Ojakol akautoa mrija kinywani. "Usiogope, Mama," alisema kwa upole. "Hata wewe tutakutolea ushahidi. Jina lako liko hapa, lakini hatujakuona ukionja."

Mama Hadijah aliketi kwenye kiti alicholetewa. Kisha akaomba chai, na ilipokuja akainywa yote.

"Mutwalibu," alisema akirudisha kikombe, "Ijumaa baada ya swala niletee wazee wako. Na huyu Ojakol awe mbele yao, maana anajua kusema."

"Ndiyo, Mama."

"Ila mwambie mrija auache nyumbani."