Kilo Ishirini na Tatu za Mwanarusi

Wifi yangu Mwanarusi hajui kusema "la". Miaka thelathini anauza mahamri na mbaazi barazani kwake hapa Mtongwe, na sufuria zake zimeenea mtaa mzima kwa kuazimwa. Ukitaka kupika pilau ya harusi, nenda kwa Mwanarusi. Akiambiwa hatarudishiwa, hucheka. Mimi ndiye hupiga kelele. Mimi, Jalila, mke wa nduguye Matano, sina subira na sijidai ninayo.

Basi mwezi wa kumi na moja bintiye Shaza akamtumia tiketi ya ndege, aende Kanada akapumzike mwezi mzima. Shaza aliolewa huko miaka tisa iliyopita na hajarudi. Mtoto wake, Khairiya, ametimiza miaka minane bila kushikwa na bibi yake hata siku moja. Wao huonana kwenye simu tu. Mtoto husema "Shikamoo bibi" kama aliyefinywa, kisha hukimbia.

"Jalila," Mwanarusi akaniambia siku ile tiketi ilipofika, "nikifika asinikimbie tu. Mengine yote nimeridhia."

Shaza alituma na orodha, nikamsomea mimi. Sweta mbili, soksi nzito, viatu vya kufunika, koti, dawa za presha pamoja na karatasi ya daktari. Begi moja, kilo ishirini na tatu, isizidi hata moja. Na mwisho kwa herufi kubwa: MAMA, USIBEBE VITU VYA WATU. Amjua mamake.

Tukavuka feri, tukaenda Kongowea kwenye mitumba. Jua lilikuwa la kukaanga samaki. Mwanarusi akajaribu koti la sufi lenye manyoya shingoni, jasho likamchuruzika mpaka kwenye nyusi. Muuzaji, kijana mmoja aitwaye Kitsao, akawa anampepea na kipande cha boksi.

"Mama, hilo limekupenda."

"Lanipenda, mwanangu, lakini laniua."

Tulicheka hadi watu wakageuka. Tukalinunua, na sweta, na soksi jozi nne. Shughuli ingeisha hapo kama mtaa usingepata habari.

Kwetu mtu akisafiri habebi vyake peke yake. Hupewa amana, na amana haikataliwi. Bi Rahima akaleta achari ya embe ya mwanawe. Kafedha akaleta unga wa muhogo. Mzee Obeid akaleta halua kilo mbili za mpwawe anayekaa Vancouver, na Shaza yuko Toronto, mwendo wa saa tano kwa ndege. Nilipomweleza, akanikazia macho. "Si Kanada hiyo hiyo? Watakutana msikitini." Mwanarusi akavipokea vyote kwa mikono miwili.

"Wewe punda?" nikamfokea walipoondoka.

"Wifi, nao wana watoto huko."

Siku tatu kabla ya safari nikamwita Masha, muuza samaki, aje na mizani yake ya kuning'iniza. Tukalitundika begi kwenye boriti ya ukumbini. Masha akachungulia. "Thelathini na sita. Nguru gani huyu?" Akatuachia kicheko chake akaenda zake.

Tukalifungua begi. Na unajua Mwanarusi alianza kutoa nini? Koti. Kisha sweta. Kisha madera yake mawili mapya. Damu ikanipanda.

"Utakwenda kwenye theluji na leso, uzikwe huko?"

"Nitavaa za Shaza."

"Shaza mwembamba kama ufito! Hata mkono wako hautaingia!" Nikamsukuma kando, nikatumbukiza mkono mpaka chini kabisa, nikavuta bunda kubwa lililofungwa kwa leso kuukuu. "Na hili la nani? Wallahi, hili larudi kwao leo leo."

"Hilo langu," akasema. "Liache, Jalila."

Sikuliacha. Nikalifungua kwa hasira zangu. Zilikuwa nguo za mtoto wa kike. Ya juu ilikuwa ndogo ya kumvika mwanasesere. Ya pili kubwa kidogo. Ya tatu ina vifungo vya lulu. Kila moja bado ina karatasi yake ya dukani.

"Za Idi," akasema, bila kunitazama. "Kila Idi nimemnunulia yake. Mtoto hakosi nguo ya Idi na bibi yake yu hai."

"Lakini wifi, hii ya mwaka mmoja ataivaa nani?"

"Si za kuvaa. Azione tu. Ajue kila Idi nilikuwa naye, asidhani nimemkumbuka leo."

Nikazipanga kitandani kwa ukubwa, nikazihesabu. Saba. Baina ya ya miaka mitatu na ya miaka mitano hapakuwa na kitu, na nikajua sababu kabla hajaisema. Mwaka ule alifiwa na mumewe, akawa yumo edani, hatoki nje. Akanituma mimi nikamnunulie nguo ya mjukuu. Nami kwa mdomo wangu huu nikamjibu, "Mtoto mwenyewe yuko Kanada, utamvika nani, ukuta?" Sikwenda. Hakunituma tena, na hakuwahi kunitajia mpaka leo. Niliona haya, jamani, haya ya kweli.

Tena nyani haoni kundule. Amana nzito kuliko zote ndani ya begi lile ilikuwa yangu: kilo tano za papa mkavu wa mwanangu Bassam, naye yuko huko huko Toronto. Wiki nzima nawasema majirani, na papa wangu amelala chini ya achari ya Bi Rahima, ananukisha koti.

Nikamtoa papa. Achari na unga nikavirudisha kwa wenyewe, na halua pia. Mzee Obeid alinuna, na hadi sasa salamu yangu aijibu kwa nusu mdomo. Kuvuja kwa pakacha, nafuu ya mchukuzi. Koti, sweta na madera vikarudi begini, na uzito ukaingia ndani ya zile kilo ishirini na tatu. Kisha nikavaa buibui, nikavuka feri tena, nikaingia duka la nguo za watoto mjini.

"Nataka ya miaka minne."

"Mtoto ana mwili?" muuzaji akauliza.

"Wakati huo alikuwa mwembamba," nikamwambia. Akanitazama, lakini akanipa.

Mwanarusi aliikunjua, akaigeuza mbele na nyuma. "Njano," akasema. "Jalila, wewe na rangi ya njano mmezaliwa tumbo moja."

"Nisamehe, wifi."

"Nilishakusamehe mwaka ule ule. Nipe hiyo leso."

Akaikunja nguo mara mbili, akailaza mahali pake, baina ya ya miaka mitatu na ya miaka mitano, kisha akafunga bunda.