Neno la Mtaani Mezani kwa Baba

Nyumbani kwetu Butembo, baba hakukataza maneno ya mtaani. Ila ukileta neno jipya mezani, ulipaswa kulieleza kwanza, ndipo mkono wako uguse bukari, ugali wetu. Maelezo yakimridhisha, alikusogezea kichwa cha samaki. Yasipomridhisha alikila mwenyewe, polepole, huku akikutazama.

Kaka yangu aliwahi kutuletea "ligablo", neno aliloliokota kwa wanajeshi. Akasema ni duka. Basi kichwa kikaishia kwa baba. Kesho yake akajaribu tena: "Ni duka yenye mwenyewe anauzisha bila kutoka mu kitanda." Baba alicheka mpaka akafuta macho. Mama naye alijipatia kichwa chake kwa "matabishi": "Ni ile muuzaji anakuongezea mbele uombe. Kama unaomba, hapana tena matabishi." Mimi sikuwahi kukipata hata mara moja, na bado nadhani nilionewa.

Nilipopata mchumba kutoka mji wa Beni, dereva wa lori la kakao, niliingiwa na wasiwasi. Mdomo wake ulijaa mtaa mzima, na mezani kwetu kila neno angetakiwa kulieleza. Na baba alikuwa ameshasema waziwazi: "Mutoto wangu hapana kuolewa Beni. Barabara ile inafungwa kama mulango ya bureau ya serikali, hakuna mwenye anakuelezea." Nilimpenda yule mwanaume, nilimpenda sana, na bila ndiyo ya baba hakukuwa na ndoa. Kwa hiyo nilimpa masomo: Kifaransa cha kanisani, maneno machache, macho chini.

Akaja Jumapili baada ya misa, koti limembana mabegani. Alijibu kila swali kwa uangalifu, kama mtu aliyebeba mayai. Hata mimi mwenyewe alinichosha. Baba akapiga miayo bila kuficha. Mama akaweka mezani tilapia mkubwa wa ziwani Kyavinyonge, akatunawisha mikono.

Baba akauliza lile alilokuwa akilisubiri tangu asubuhi. "Wakati barabara inafungwa, unafanyaka nini?"

"Article quinze tu, papa," akajibu, masomo yangu yote yakaruka dirishani. Nilimpiga teke chini ya meza, nikaumia mwenyewe, maana nilipiga mguu wa meza.

Hakuna Mkongomani asiyeijua article quinze, kifungu cha kumi na tano, ile sheria ya mzaha isiyoandikwa popote: jitafutie njia mwenyewe. Baba aliijua kuliko sisi wote. Lakini aliinua kidole.

"Neno iyo niliijua mbele wewe uzaliwe. Lakini hapa ni kwangu. Eleza."

Mchumba wangu akarudisha mkono mapajani. Safari hii hakunitazama mimi kutafuta jibu.

"Papa, article quinze ni hivi. Barabara imefungwa, na batoto ku nyumba hapana kujua. Bamekula, bamelala."

Hakuna aliyecheka. Nilitaka kulia, na nilimkasirikia kwa kunitia machozi mbele ya watu. Baba aliangalia sahani kwa muda, akaizungusha taratibu mpaka kichwa cha samaki kikamwelekea mgeni. Kisha akamgeukia mama, si yeye.

"Basi mutoto wetu atakula, hata ku Beni," akasema.