Donge la Kushoto

Simu ya binti yangu ilikuwa haipatikani tangu saa kumi na moja jioni. Kufika saa sita usiku nilikuwa nimeipiga mara nyingi mpaka baba yake akaninyang'anya simu yangu na kuiweka juu ya kabati.

"Utamaliza chaji, mama Nati. Halafu yeye akipiga je?"

Hakujua ninachokijua.

Binti yetu ni fundi magari. Jina la Nati alipewa na wenzake shuleni, kwa sababu mifuko ya sare yake ilikuwa haikosi nati na boliti. Mimi ni mshonaji, nilitaka naye awe mshonaji. Naogopa vyuma. Siku ya kwanza kumwona amelala chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki, nilichuchumaa pale uani nimemshika miguu mpaka akamaliza. Wateja walicheka mpaka wakashika mbavu. Sasa ana miaka ishirini na saba, na bado nikisikia jeki inalia, sindano inanitoka mkononi.

Nati hamrudishii mtu gari kabla hajapanda nalo mwenyewe kwenye njia mbaya kuliko zote. Anasema gari lililosimama hudanganya.

Wiki hii daktari wa mifugo alimletea gari lake la kupandia milimani. Kila likipita kwenye jiwe, chini kunapiga gu! Kuna raba zinazokaa kati ya ekseli na chasisi ili springi zikibanwa sana vyuma visigongane. Za daktari zilikuwa zimeliwa kama visigino vya viatu vya zamani. Alikuja na mpya, ndefu na laini zaidi.

"Fundi, unanifungia raba au unanitandikia godoro?"

"Godoro, daktari. Ila usije ukasinzia mlimani."

Baada ya kuzifunga, Nati aliniomba bakuli la unga wa ngano. Aliukanda mgumu, akabandika donge ndani ya madgadi, lile bati la juu ya kila tairi la mbele, kisha akapandisha gari kwenye gogo, kwanza upande mmoja, halafu wa pili. Giza likaingia. Akasema madonge atayasoma asubuhi. Sikuuliza donge linasomwaje.

Asubuhi nilipokuwa nafagia, nikaliona la kushoto limebanwa jembamba kama karatasi, sisimizi wamelijaa. Nikalibandua, nikalitupa. Nikakanda jingine, nono, nikalibandika palepale. Nilijiona nimesaidia.

Nati akaja na kijiti, akachoma kila donge na kupima. Upande wa kulia aliongeza kipande cha chuma juu ya raba. Kushoto hakuongeza kitu. "Huku nafasi tele," akasema. Saa mbili wakaondoka na daktari kwenda kutazama ng'ombe wagonjwa ng'ambo ya mlima.

Wakati wa chakula cha jioni baba yake akacheka. "Unga wote umeisha? Binti yako siku hizi anapika magari."

"Hivi lile donge ni la nini?"

"Likibaki nene, tairi liko mbali na bati. Likibanwa, tairi linagusa, lazima raba iongezewe chuma. Bila hivyo, ukiteremka mlima bati linalichana tairi kama wembe."

Nikaisukuma sahani. Nilisema nimeshiba.

Ndiyo maana usiku huo sikulala. Kila pikipiki iliyopita niliona ni ya mtu anayekuja kuniambia nikae chini kwanza. Mbwa wa jirani alipobweka, nilikimbilia dirishani. Niliikunja kanga ya Nati, nikaikunjua, nikaikunja tena.

Saa saba taa za gari zikapita ukutani. Nilipofika uani, Nati alinipita bila kuniangalia, akaingia stoo ya vifaa. Nikasikia komeo.

Daktari alisimama langoni, matope hadi kiunoni.

"Ni mzima, mama. Kwenye mteremko tairi la kushoto lilianza kulia. Akashuka, akakuta bati limeshalikwaruza. Tumeteremka mwendo wa kobe, mimi mbele na tochi naondoa mawe. Lakini njia nzima anasema hana macho ya ufundi. Eti kesho anauza spana zote."

Nilidhani nikimwona tu hofu itaniisha. Kumbe ilihama upande tu. Ningeweza kwenda kulala, na asubuhi angeuza spana, nami nisingeogopa jeki tena maisha yangu yote. Nilisimama mbele ya ule mlango nikiliwaza hilo, Mungu anisamehe.

"Nati."

Nikagonga mlango.

"Mwanangu, hukusoma vibaya. La kushoto lilikuwa limebanwa kama karatasi. Sisimizi walilijaa, nikalitupa, nikabandika jipya. Nilijua jioni ni la nini, na hata baba yako sijamwambia."

Nilisikia spana moja ikiwekwa chini, taratibu. Niliegemeza paji la uso kwenye ubao wa mlango. Kama angeniambia niondoke, ningeondoka.

Komeo likavutwa. Mlango ukafunguka. Macho yake yalikuwa mekundu, na mkononi alikuwa na bakuli langu la unga, lile alilokuwa ameliacha stoo.

"Kanda," akasema. "Mgumu. Nikishalibandika, mama, hata likiliwa na panya, usiguse."