Mshono wa Viola ya Profesa

Siku yangu ya kwanza kazini nilipaka pinde kumi na mbili mafuta ya nazi. Nalisema mwenyewe mapema, msije mkalisikia kwa watu.

Nilikuwa nimetoka Al Ras, hapa Dubai, kwenye duka la ubani na viungo, nikaajiriwa kutunza ala katika shule ndogo ya muziki. Nilikuwa na cheti cha kidato cha nne na usafi niliofunzwa na mama, Mombasa. Kuingia stoo, nakuta kila upinde wa fidla una vumbi jeupe kwenye zile nywele za mkia wa farasi. Nikazisikitikia. Nikafuta, nikapaka mafuta, zikang'aa kama za bibi harusi.

Kumbe lile vumbi ni ulimbo mkavu. Bila ulimbo upinde haukamati uzi, unateleza tu. Saa kumi watoto wakaanza darasa, pakawa kimya. Madam mkurugenzi akaja na uso wa khalas, yaani yamekwisha, nami nikaanza kuwazia tiketi ya kurudi kwetu.

Aliyeniokoa ni mwalimu wa viola, Mcheki mrefu tuliyemwita Profesa. Aliunusa upinde.

"Nazi?"

"Nazi, sir."

"Madam," akasema, "miaka yote nawaomba hawa watoto wapunguze kelele. Huyu bwana ameweza siku moja. Niachie nimfundishe."

Viola ni fidla iliyonenepa. Haipandi juu kama ile ya taarabu wala haishuki chini kama selo. Iko katikati, na kama chumvi, watu huikumbuka ikikosekana. Profesa alikuwa mtoto wa mwoka mikate. Alianza na fidla, mwalimu wake akavitazama viganja vyake, akasema hivi ni vya viola. Akasoma Prague, akakaa safu ya katikati ya okestra mpaka nywele zikageuka nyeupe, kisha magoti yakaikataa baridi, akaja Dubai kufundisha.

Alikuwa mkali. Mtoto hakugusa upinde kabla ya kuuimba wimbo wote kwa mdomo. "Usichoweza kuimba, hutakipiga," alisema. Mimi alinifundisha kutia nywele mpya kwenye upinde, kuchonga daraja linalobeba nyuzi, na kusimamisha kile kijiti cha ndani ya tumbo ambacho Wacheki hukiita roho. Nilikiangusha mara nyingi hata ikawa ndiyo salamu yake: "Mister Bakari, leo umeua wangapi?"

Miaka ikapita hivyo, hadi asubuhi ya tamasha lake la kustaafu. Saa nne akafungua kasha, akakuta mshono wa viola yake umeachia ubavuni, urefu wa kiganja. Hewa kavu ya viyoyozi ilikuwa imeimaliza gundi. Tamasha lilikuwa saa moja jioni, na wanafunzi wake wa zamani walikuwa njiani kutoka Abu Dhabi.

Madam akasema aazime nyingine. "Hii nimeishi nayo kuliko nilivyoishi na mke wangu," Profesa akajibu. "Nitaaga nayo, au sitaaga kabisa."

Fundi mwenye vyeti alikuwa Ulaya. Wakanigeukia mimi.

Nilichemsha gundi ya ngozi, nyepesi kama uji wa mgonjwa. Gundi kali ya dukani haifai: fidla hutaka gundi inayojua kuachia kabla ubao haujapasuka. Nikapaka, nikabana kwa vibanio, nikazima kiyoyozi, nikakaa natoka jasho. Kila nusu saa Madam alichungulia.

"Bado?"

"Bado, madam."

"Yalla, Bakari."

"Gundi haijui yalla, madam."

Saa kumi na moja Profesa akaja. Akaugonga ubavu kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akapiga uzi mnene mara moja, akautegea sikio mpaka mlio ukaisha. Kisha akaniambia, "Kolega, nifungulie mlango." Kwao humwita hivyo mtu wa kazi moja.

Mimi ni mtu wa nyumbani. Sikuwahi kubaki kwenye tamasha hata moja. Kazi ikiisha nakimbilia Metro, chakula kisipoe. Siku ile nilisimama nyuma ya pazia mpaka mwisho, na msiniulize alipiga nini, maana nilikuwa nasikiliza mshono. Ulishika. Watu walisimama kumpigia makofi, naye akainama, viola kifuani.

Nami sasa nimestaafu, nakaa Rashidiya kwa mwanangu, na makochi yote yananijua. Vijana wakiniuliza kazi hii ina heshima gani, nawasimulia ile siku. Juzi nilikuwa namsimulia tena mgeni, na jirani yetu Bi Raya, Mzanzibari asiyepaka maneno sukari, akaweka kikombe chini.

"Bakari, ungeharibu, Dubai nzima ingekujua. Umepatia, ndo maana nakujua mie tu, na mie nakujua kwa kuwa huachi kusimulia."